Paa na Paa

Jumanne jioni, chumba cha juu cha maktaba, mjini Derby.
Kipasha joto kinagonga bomba kama mdai wa kodi.
Bi. Oldershaw ameandika neno ubaoni,
akalifuta, akalitamka, akatuuliza:
liko wapi sasa?
Mpolandi mmoja akashika koo lake.
Mimi, niliyetoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
nikanyooshea kidole kitambaa cha ubao.
Wakacheka. Yeye akasema sikukosea sana:
chaki si neno, na hewa nayo si neno,
neno ni nafasi linayoishika kati ya wenzake.
Nikafikiri: kama kitanda namba saba,
kinabaki namba saba shuka likibadilishwa,
kinabaki namba saba mgonjwa akifa.
(Hilo la kitanda ni langu. Sikumwambia.)

Nyumbani ananingoja Barke, binti wa marehemu dada yangu,
miaka tisa, na sauti haijawahi kubisha hodi masikioni mwake.
Shule imempa alfabeti ya mikono ya huku:
A ni ncha ya gumba, E ya shahada, I cha kati,
O cha pete, U kile cha mwisho, kitinda mimba.
Waingereza wana irabu tele mdomoni,
humo vidoleni zinabanana kama mguu
kwenye kiatu cha mdogo mtu.
Kiswahili kiliingia kama glavu.
Tano kwa tano.

Nikamgusia: cha mwisho, gumba.
Akainua nyusi: ua lipi?
La kunusa, wa nyuma ya nyumba, au ya kisu?
Jikoni hapakuwa na sauti wala wino,
friji tu ikiguna peke yake,
na bado maneno matatu yalikuwa yamekuja
na kugombea kiti kimoja.

Lakini kuna deni sijalilipa.
Siku nyingine nilimwandikia PAA.
Akachora nyumba, na juu ya vigae
akasimamisha mnyama mwembamba mwenye pembe.
Alikuwa sahihi kwa karatasi.
Kwetu Mvita lakini, paa la nyumba hutoka kavu,
na paa wa mwituni hutoka na pumzi nyuma yake.
Kaa la moto kavu, kaa wa pwani na pumzi.
Tembo la mnazi. Tembo wa mkonga.
Waliotupangia herufi za chapa waliiacha pumzi hiyo mlangoni,
na hati ya Kiarabu ya bibi haikuwa na haki ya kuwacheka,
be moja ikibebeshwa b, na p, na mb,
msomaji akijaza mwenyewe.
Sasa vidole navyo: kiduara juu ya shahada,
gumba, gumba.
Mnyama amekaa juu ya nyumba, hashuki.

Februari, kituo cha basi, barabara ya Normanton.
Baridi ya kuuma meno.
Nikasogeza mdomo kwenye kioo, nikasema paa,
lile la makuti, la mabati, la kuvuja.
Kioo kikafifia kidogo, kama jicho la mtu anayesinzia.
Nikahamia pembeni, nikasema paa,
na wingu likatua palepale, jeupe, la mviringo.
Barke akatazama la kwanza. Akatazama la pili.
Akaweka kiganja mbele ya midomo yangu:
tena.
Tena.

Halafu akapumulia kioo mwenyewe,
na ndani ya wingu lake, kabla halijakauka,
akaandika kwa kidole P, A, A.

Nikatamani Bi. Oldershaw awe pale anijibu:
hii sasa ni sauti, au ni maandishi?
Maana masikio hayakuhusika, na wino ulikuwa
kutokuwapo kwa mvuke tu,
mstari mwembamba ambamo barabara ilionekana.

Basi la saa mbili likaja, likafungua milango,
dereva akatuangalia, akafunga.
Barke hakugeuka. Alikuwa amefika kona ya chini,
amepiga magoti, anapumua, anapumua,
na kioo kizima kilikuwa mbuga.